Magari Hupanda Mghange, Deni Hubaki Kondeni

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, vijana watatu wa mtaa wetu hapa Mombasa walinifuata barazani. Mmoja ni mtoto wa jirani yangu, fundi wa magari, na wenzake wawili ni wenye magari ya magurudumu manne, yale yenye mipira mikubwa na kamba ya chuma puani. Walitaka niwaandikie maneno ya kuwatia moyo katika ukurasa huu, kwani wao na rafiki zao wamekusudia kwenda kushindana kupanda kilima huko Mghange, katika milima ya Taita. "Ami," akaniambia yule mtoto wa jirani, "wewe ulipata kupanda kule zamani. Andika ulivyoona."

Nikamjibu kwamba nitaandika, lakini nitaandika yote. Asije akalalamika baadaye kuwa nimemkata maini, maana mwenye kuuliza njia ya Mghange hana budi aambiwe na makorongo yake.

Wako wasomaji wangu ambao safari zao za bara huishia kwenye msikiti wa Mackinnon Road, pale penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambapo madereva wetu husimama wakasoma Fatiha kisha wakageuza. Kwa hao nieleze kidogo. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kiasi cha kilomita 150, na Voi yenyewe ni mji wa joto na vumbi, ulio mita 600 hivi juu ya bahari. Hapo huikata njia ya Taveta, ukapita Mwatate penye mashamba ya mkonge yasiyokwisha, kisha ukageuka kulia na kuanza kupanda. Barabara hujikunja kama nyoka aliyekanyagwa. Masikio huziba, shati la pwani huanza kuwa jembamba, na ukitazama nyuma unaiona nyika ya Tsavo imelala chini kama mkeka. Ukiivuka Wundanyi umo katika safu ya Dawida, ambayo kilele chake, Vuria, kina mita 2,208. Mghange iko huko juu. Ni nchi ya maharage, kabichi na migomba, iliyolimwa ubavuni mwa mlima kwa vitalu vilivyozuiwa kwa kuta za mawe. Udongo wake ni mwekundu. Ukiwa mkavu huwa vumbi la kuingia mpaka kwenye meno, na ukilowa huwa sabuni.

Udongo huo ndio uliowafanya watu wa magari waipende Taita. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya themanini hatukuhitaji kuambiwa Safari ni nini. Msimu wa Pasaka, mvua za masika zikianza, magari yalishuka pwani na kupitishwa katika milima ile, na redio zilikuwa zikitangaza usiku kucha nani amekwama na nani amepinduka. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na siku za mwanzo yaliizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya sabini njia yake ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000, tena barabara za kawaida, zisizofungwa. Dereva aliweza kukutana na basi la abiria, kundi la ng'ombe au bibi arusi. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu.

Wala haikuwa ya Wazungu peke yao. Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya aliyejulikana sana kwa ufundi wake wa magari, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: mwaka 1973, alipofungana alama na Harry Källström wa Sweden hata ikabidi watafute njia nyingine ya kuwatenganisha, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Mwaka 1994 Patrick Njiru akashika nafasi ya nne kwa Subaru. Watoto wa Mombasa tulikuwa tukitengeneza magari ya waya tukayapa majina ya watu hao, tukayapandisha majaa ya taka, na kila mmoja akitaka kuwa Joginder.

Sasa nije kwa kisa changu, ambacho nimekaa nacho miaka mingi.

Mwaka 1996 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ndiyo kwanza naanza kuandika. Rafiki yangu mmoja wa Majengo alikuwa na Land Rover kuukuu ya buluu, ambayo aliipenda kuliko alivyompenda mchumba wake. Akasikia kwamba wenye magari ya aina hiyo wamepatana wakutane Mghange, wapande kilima kimoja nje ya barabara, kila mmoja kwa zamu yake, na saa imshike. Hayakuwa mashindano yenye jina wala kombe. Akanichukua niwe msaidizi wake, kazi ambayo siijui hata leo. Alisema anataka mtu wa kusoma dua na kupima saa.

Asiyepata kupanda kilima cha udongo kwa gari hudhani kwamba kazi ni kukanyaga mafuta. La. Kwanza unashuka, unaitembea njia kwa miguu yako mpaka juu, ukitazama mawe yalipo na maji yalipokata. Kisha unapunguza upepo katika mipira ili ikamate ardhi kwa upana. Unatia gia ndogo ya magurudumu manne, na unachagua mwendo wako ukiwa bado chini, kwa sababu ukishaanza kupanda huna nafasi ya kubadilisha nia. Ukikanyaga sana, magurudumu huzunguka bure na kujichimbia kaburi. Ukiondoa mguu, gari hufa. Na likifa mlimani usithubutu kuligeuza ubavu, maana litabingirika. Hutia gia ya nyuma, ukaliachia lishuke taratibu kwa pumzi ya injini, puani likitazama mbinguni na wewe ukitazama nyuma. Rafiki yangu aliyajua yote hayo. Kujua hakukutusaidia.

Ilikuwa imenyesha usiku. Tulipanda robo tatu ya kilima kwa uzuri, watu wakishangilia, nami nikijiona shujaa. Kwenye kona ya mwisho gurudumu la nyuma likateleza, gari likaenda upande upande kama mlevi, likapiga ukuta wa mawe wa konde la mtu, likauvunja kiasi cha hatua kumi, likasimama katikati ya maharage yaliyokuwa yanaanza kutoa maua. Hatukuumia. Wanakijiji wakaja, wanaume kwa wanawake, wakatusukuma mpaka tukarudi njiani. Mama mmoja aliyejifunga leso mbili alisimama kando ya ukuta hakusema neno. Mzee aliyekuwa karibu naye ndiye aliyetuuliza: "Na mkishafika juu, mnatuachia nini?"

Rafiki yangu akacheka, akasema tunawaachia harufu ya petroli. Na mimi nikacheka. Tulifika juu wa mwisho, tukapewa chai, tukashuka Voi kabla ya Magharibi. Usiku ule, tuliambiwa baadaye, ilinyesha tena.

Hapa naomba wasomaji waniwie radhi nirudi chuoni, maana nimelelewa mkekani kwa maalim na mambo mengine siwezi kuyapima kwa mizani nyingine. Wako wanaodhani kwamba dini haipendi mashindano. Si kweli. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi. Wale waliofunzwa mbio waliachiwa kutoka Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, na wasiofunzwa wakapewa mwendo mfupi zaidi, na Ibn Umar alikuwa miongoni mwa waliopanda. Sisi wenyewe wa pwani tuna mbio za punda na za majahazi huko Lamu, na hakuna aliyeziona kuwa kasoro.

Walilolichunga wanavyuoni ni masharti. Zawadi ikitolewa na mtu asiyeshindana, haina ubaya. Lakini washindani wote wakichanga fedha ili mmoja azizoe zote, wengi wa wanavyuoni wamesema hiyo ni kamari. Kisha wakahitilafiana ni chombo gani kinachofaa kuwekewa zawadi, kwani Hadithi imetaja ngamia, farasi na mshale. Wako waliosimama hapo hapo, na wako waliokisia vyombo vingine vyenye manufaa. Siwezi kuwahukumia mimi. Lakini liko sharti moja ambalo hakuna aliyehitilafiana nalo, nalo ni kwamba haki ya mja haifutwi kwa istighfari. Ukimwibia Mungu sala yako, tubu, Yeye ni mwingi wa msamaha. Ukivunja ukuta wa mtu, hata ulie usiku kucha msalani, deni lipo mpaka mwenye ukuta akusamehe.

Maneno hayo niliyasoma nikiwa na miaka kumi. Nilipofika miaka hamsini na kitu ndipo yalipoanza kuninyima usingizi. Rafiki yangu mwenye Land Rover amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na deni la wawili likabaki kwa mmoja. Basi wale vijana waliponijia na karatasi yao, niliwaambia wanisubiri, nikapanda gari mpaka Voi, na kutoka Voi mpaka juu.

Wundanyi nilichukua bodaboda. Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu nimeona jambo. Kijana aliyenipakia alikuwa na pikipiki ndogo ya Kihindi, mimi nyuma, na gunia la kabichi nyuma yangu. Mvua ilikuwa imepita. Alipanda njia ya udongo ambayo Land Rover yetu ingeiombea dua, mguu mmoja ukigusa ardhi kila kona, akizungumza nami juu ya bei ya mbolea. Mashindano ya kupanda kilima yapo Mghange kila siku, ndugu zangu. Yapo tangu serikali ilipoondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 na vijana wakazijaza barabara. Wanapandisha wagonjwa, wanapandisha saruji, wanateremsha mboga ambazo kesho yake tunazinunua Kongowea. Hakuna anayewashikia saa. Na wakivunjika mguu hakuna helikopta.

Yule mama nilimkuta hai. Konde ni lile lile, ukuta umejengwa, na mwenyewe amekuwa bibi mwenye fimbo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," nikajitaja, nikasema mimi ni mmoja wa wale wa gari la buluu. Alinitazama kwa muda. Akasema, "Wewe ndiye uliyecheka."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetia shilingi elfu kumi katika bahasha, nikampa kwa mikono miwili, nikamwomba msamaha. Akazihesabu zote, pole pole, mbele ya wajukuu zake. Akasema kwamba maharage aliyasamehe mwaka ule ule, kwani hata tumbiri huyala na hakuna anayemshtaki. Lakini mvua ya usiku ule ilipitia pale ukuta ulipovunjika, ikashuka na udongo wa juu, ule mweusi mwema, ikaupeleka kwa jirani wa chini na kufunika miche yake pia. Akawa na kesi na jirani miezi sita. Fundi aliyeujenga upya ukuta alimlipa shilingi mia nane. Basi akachukua elfu moja, akamtuma mjukuu dukani avunje, akanirudishia mia mbili pamoja na zile elfu tisa. "Mimi si benki," akasema. "Udongo huwezi kuulipa. Ukuta umelipa."

Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema ninywe chai kwanza.

Nimeyasimulia haya si kwa kujisifu kwamba nimelipa, maana mwasikia wenyewe kuwa sikulipa yote. Nimeyasimulia kwa sababu yanahusu mambo ya siku hizi. Safari ilitolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, Colin McRae akiwa mshindi wa mwisho. Ikarejea mwaka 2021, baada ya kuahirishwa mwaka mmoja kwa ajili ya korona, na makao yake yakawa Naivasha. Sehemu za kushindania zilikuwa kiasi cha kilomita 320 tu, nazo njia hufungwa magari yapite peke yao. Hoteli za Naivasha zilijaa, wauza nyama walifurahi, na tangu hapo kila sehemu ya nchi yenye vumbi imekuwa ikijiuliza mbona mgeni huyu haji kwetu. Sisi wa pwani pia tunaona wivu, hasa tukikumbuka kwamba zamani aliteremka mpaka baharini.

Lakini swali la yule mzee wa Mghange lingali pale pale. Mashindano yanaacha nini? Hoteli hufaidika kwa siku nne. Mwenye konde hukaa na mwaka mzima. Wala Taita si watu wa kwanza kutufanyia wema bila ya kuulizwa. Maji ya Mzima, yanayotoka Tsavo katika kaunti yao hiyo hiyo, yanakuja Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, na wenyeji wengi wanayaona yakipita huku wao wakibeba madumu. Misitu iliyobaki juu ya milima yao, kama Ngangao, Chawia na Mbololo, ni vipande vidogo vidogo tu vinavyokamata ukungu na kuulea uwe mito. Humo wanaishi ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Gurudumu likipita hapo mara moja, njia hufunguka, na njia ikifunguka shoka hufuata.

Najua vijana watasema kwamba mimi ni mzee na ninaogopa kasi. Si hivyo. Mwaka 2011, katika mashindano ya magari ya zamani yanayoitwa Safari Classic, ambayo yalianzishwa 2003, Björn Waldegård wa Sweden alishinda kwa Porsche akiwa na umri wa miaka 68, na msaidizi wake alikuwa mwanawe, Mathias. Kwa hiyo uzee hauwi sababu, na ningepata gari leo ningepanda.

Wala si lazima mashindano yawe hasara. Tazama yale yaitwayo Rhino Charge, yaliyoanza hapa Kenya mwaka 1989. Humo mshindi si mwenye kasi. Mshindi ni yule aliyevipitia vituo vyote kwa mwendo mfupi zaidi, hata ikiwa ni kushuka bonde na kupanda jabali. Na anayetaka kuingia sharti alete mchango. Fedha hizo zilijenga ua wa umeme kuuzunguka msitu wa Aberdare, kiasi cha kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Watu wale wamevunja mawe mengi, lakini mtu akiwauliza wameacha nini, wana kitu cha kuonyesha kwa kidole.

Basi nimewarudia wale vijana watatu na haya, nami nayaweka hapa hadharani ili wasije wakasema nilinong'ona. Wasipande masika. Wangoje kiangazi, udongo ushikane. Wachague kilima kisicho konde wala msitu, na wenyeji ndio wakionyeshe, si ramani ya simu. Kabla ya gari la kwanza kuwashwa, kila mshindani aweke amana mikononi mwa wazee wa Mghange, na baada ya mashindano njia itembewe tena kwa miguu kama ilivyotembewa kabla. Palipovunjika pajengwe kwa amana hiyo, na kitakachosalia kirudi kwa mwenyewe. Zawadi itafutwe kwa mfadhili asiyeshindana, tuepukane na kamari. Na iwepo zamu ya bodaboda, kwa zawadi sawa na ya magari, kwani si haki mgeni apewe kombe kwa kupanda mara moja kilima ambacho mwenyeji anakipanda mara kumi kwa siku akiwa na gunia.

Mmoja wao, mwenye gari jipya, hakupendezwa. Alisema kwa masharti hayo mashindano yatakuwa ya bodaboda, wao watakuwa watazamaji. Nikamwambia huenda. Mtoto wa jirani yangu alinyamaza, akaniomba nimpe jina la kijiji cha yule bibi. Sikumpa, lakini nilimwambia nitakwenda naye.

Katika Bukhari kuna kisa cha ngamia wa Mtume aliyeitwa Adhbaa, ambaye alikuwa hashindiki. Akaja bedui na ngamia wake mdogo, akampita. Masahaba wakaona uchungu. Mtume akawafahamisha kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kuwa hakipandi kitu katika dunia hii ila hukishusha. Nimelikumbuka neno hilo nikiwa nyuma ya bodaboda, nikiteremka kutoka Mghange, bahasha mfukoni ikiwa nyepesi kwa mia nane tu. Nikatunga ubeti huu, nawapa vijana badala ya maneno ya kuwatia moyo waliyoyataka:

Mlima hauna haya, humtoa mtu jasho,
Kupanda si jambo baya, ila utazame mwisho,
Ukivunja cha raiya, usilipe kwa vitisho,
Deni ni kulirudiya, usingoje iwe kesho.

Chai nilikunywa, vikombe viwili. Nilipoaga nilimwuliza tena yule bibi kama amenisamehe. Akasema, "Rudi baada ya mvua, uone kama ukuta umesimama." Kwa hiyo, Inshallah, baada ya mvua nitarudi.